Ka Ke Ki Ko Ku

Ugonjwa ulianzia kwenye nyayo, siku ya Jumatano,
kama ganzi ya mtu aliyeukalia mguu wake.
Ijumaa ukafika kiunoni, Jumapili mikononi,
Jumatatu ukamkuta Mama kwenye pumzi.
Pale Kitete wakampitishia mpira kooni,
na daktari akaniambia kama mtu anayerudisha chenji:
"Sauti haijapotea, imezuiwa tu. Itarudi.
Macho yapo."

Macho yapo.
Miaka thelathini na mmoja Mwalimu Nyamizi
alifundisha darasa la kwanza, chaki kwenye kucha,
mwanzi ukigonga ubao: ba be bi bo bu.
Nusu ya Cheyo ilijua kusoma kwa kumwitikia.
Mimi nilijifunzia jikoni, nikimenya viazi vya matobolwa.

Siku nne nilimsemesha kama mgeni.
Unasikia baridi? Nigeuze mto? Panauma?
Macho juu, ndiyo. Kufumba, hapana.
Lakini maswali yote yalikuwa yangu,
na mtu hawezi kuishi ndani ya maswali ya mwenzake.

Ya tano, nesi Kalunde akaniletea boksi la dripu.
Nikalipasua, nikachora chati yake ya zamani
kwa kalamu ya kuandikia majina ya wagonjwa.
Mama akalitazama boksi, akanitazama mimi,
akafumba. Akafumba tena.
Dakika kumi nzima, mpaka nikagundua
nimeruka mstari wa va ve vi vo vu.
Nilipouongeza, akakubali tuanze.

Ba? Cha? Da? Fa? Ga?
Kidole changu kilishuka kama mtu kwenye ngazi gizani.
Ha? Ja? Ka?
Macho juu.
Ka, ke, ki, ko, ku?
Juu.

Ku.
Moyo ukakimbia mbele ya kidole.
Nililijua neno linaloanza hivyo, usiku, wodini,
wakati kitanda cha pili kimetandikwa upya tangu alfajiri.
Nikaweka boksi chini. Nikasema, Mama, pumzika.
Nikamfuta jasho ambalo halikuwepo.
Stesheni, treni ya Mpanda ilipiga honi, ikaondoka,
na macho yake yalikuwa bado darini,
kama anavyomsubiri mtoto aliyekwama ubaoni:
hamsaidii, hamwachi.

Nikaokota boksi.
Ba, cha, da, haya, ka. Juu.
Ka, ke, ki, ko,
ku. Juu.

Kuku.

Kuku! Saba, na yule kipara aliyekuwa akiatamia
nyuma ya kinu, na mimi sikukumbuka hata maji yao.
Nilicheka hadi bibi wa kitanda cha mwisho
akauliza kama humu ndani kuna harusi.
Mama hakucheka, midomo haikuwa mali yake bado,
ila mashine ilipoteza hesabu, ikalia,
Kalunde akaja mbio na kiatu kimoja.

Tangu hapo tulisema mengi.
Deni la Mama Msobi, elfu nane.
Pesa ya kikoba, ndani ya kopo la asali,
si lile jipya, lile lenye kutu.
Nga na mwa hazikuenea kwenye boksi,
tukawa tunaunga kwa na, kwa ga, kwa kukisia.
Neno nililolingoja mimi halikuja.
Usiku mmoja alitumia karibu nusu saa, jasho la kweli,
akaniandikia: we we ku la.
Bila kiambishi, bila chochote. Yeye, mwalimu.
Nikatoka nje nikanunua mihogo, nikala nimesimama.

Sauti ilirudi wiki ya tisa,
nyembamba, kama redio ya betri zilizoanikwa juani.
Tuliinama wote, hata daktari.
Akasema, "Va uliisahau."

Sasa anatembea kwa kushika ukuta.
Boksi nililipeleka bandani, kipara analalia mayai humo,
kifua chake kimefunika safu yote ya ka.
Na jioni, wageni wakikaa mno,
Mama haniiti.
Anatazama juu tu, mara moja,
nami nakwenda kuwatafutia viatu vyao.